Utambuzi wa Kirusi cha Perege (TiLV), 2009–2018: Historia ya Ushahidi kutoka Bahari ya Galilaya hadi Ziwa Victoria

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya utambuzi wa TiLV, kirusi kinachoua samaki wa jamii ya perege wanaofugwa katika maji baridi. Hoja kuu ni kwamba utambuzi wa ugonjwa mpya ni mfuatano wa ushahidi, na kwamba mfuatano huo uligeuka ulipofika Afrika Mashariki. Nchini Israeli na Ekwado vifo vilionekana kwanza, kisha sababu ikatafutwa. Katika Ziwa Victoria, kipimo kilionyesha alama za kirusi kabla ya vifo vyovyote kuhusishwa nacho. Kwa hiyo jibu chanya lililotolewa mwaka 2018 halina maana sawa na jibu chanya lililotolewa Israeli. Makala yanahitimisha kwa kueleza madhara ya kuchanganya majibu hayo mawili kwa mfugaji na kwa mtafiti.

Utangulizi

Mfugaji anapofika kwenye kizimba alfajiri na kukuta samaki wakielea, jambo analolijua kwa hakika ni moja tu: samaki wamekufa. Miili yao haimwambii mengi. Samaki aliyekosa oksijeni, aliyeshambuliwa na bakteria, aliyelishwa chakula kibovu na aliyeambukizwa kirusi wanaweza wote kuonyesha dalili zinazofanana: kuzubaa, kuacha kula, kubadilika rangi na kupanda juu ya maji. Aidha, katika maji ya joto mwili wa samaki huharibika upesi, na saa chache zinatosha kufuta ushahidi ambao hadubini ingeuhitaji. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika ufugaji wa samaki, hata hivyo, wingu moja huweza kutangulia mvua za aina nyingi.

Kutokana na ugumu huo, historia ya magonjwa mapya ya samaki wa kufugwa ni historia ya namna watu walivyokubaliana kuhusu kinachotosha kuitwa ushahidi. Mwaka 1937 mtaalamu wa virusi Thomas Rivers alieleza kwamba kanuni za Koch, zilizowekwa kwa ajili ya bakteria, hazikuweza kutumiwa kwa virusi bila kurekebishwa. Alibakiza masharti mawili ya msingi: kirusi kihusishwe na ugonjwa kwa uthabiti, na ionyeshwe kwamba hakikuwemo ndani ya mgonjwa kwa bahati tu, bali ndicho kilichosababisha ugonjwa wake. Masharti hayo ndiyo kipimio cha makala haya. Swali linaloulizwa ni hili: katika kila hatua ya historia ya TiLV, ni sharti lipi lilitimizwa, na ni lipi lilibaki wazi?

Neno perege linatumika hapa kwa jamii nzima ya samaki hao, na sato kwa perege wa Mto Nili, ambaye ndiye anayefugwa zaidi. Tofauti kati ya maambukizi na ugonjwa pia inazingatiwa kote. Maambukizi ni kuwapo kwa kimelea ndani ya mwili, ilhali ugonjwa ni madhara yanayotokana na kuwapo huko.

Bahari ya Galilaya: vifo vilivyotafuta sababu

Bahari ya Galilaya, ijapokuwa wasomaji wa Biblia ya Kiswahili huifahamu kwa jina hilo, ni ziwa la maji baridi, na Waisraeli huliita Kinneret. Tangu takriban mwaka 2007, perege waliovuliwa humo walipungua sana. Upungufu wa samaki katika ziwa huwa na sababu nyingi, uvuvi wa kupita kiasi ukiwa mojawapo, kwa hiyo upungufu huo peke yake haukuwa ushahidi wa ugonjwa. Hali ilibadilika mwaka 2009, vifo vya halaiki vilipoonekana katika mabwawa ya kufugia perege.

Mabwawa yalitoa fununu ambayo ziwa halikuweza kuitoa. Katika ufugaji mseto wa huko, perege huishi bwawa moja na mkizi na karpu. Ilibainika kuwa perege walikuwa wakifa huku wenzao wakisalimika. Fununu hiyo ilitokana na jicho la mtu aliyehesabu maiti na kuzitenganisha kwa aina, nayo ilipunguza uwezekano mwingi kwa mara moja, kwa kuwa ukosefu wa oksijeni au sumu ndani ya maji si rahisi kuchagua aina moja na kuziacha nyingine. Hivyo basi, hatua ya kwanza ya utambuzi wa TiLV ilifanyika ukingoni mwa bwawa.

Hatua zilizofuata zilielezwa na Eyngor na wenzake mwaka 2014. Samaki wagonjwa walikuwa na ukungu wa lenzi ya jicho, michubuko ya ngozi, na damu iliyojaa katika ubongo na katika figo. Watafiti walichukua tishu za samaki hao na kuziweka kwenye seli zinazooteshwa maabara, seli hizo zikaharibika kwa namna inayoashiria kirusi. Samaki wazima waliodungwa kirusi kilichokuzwa katika seli waliugua, na zaidi ya thuluthi mbili wakafa. Samaki wazima waliowekwa tangi moja na wagonjwa nao waliambukizwa. Waliopona hawakuugua tena walipodungwa mara ya pili.

Matokeo hayo yakipimwa kwa masharti ya Rivers, yanayatimiza yote mawili. Kirusi kilihusishwa na ugonjwa, kikatengwa, kikarudishwa kwa samaki mzima, na ugonjwa ukajirudia. Kinga ya waliopona iliongeza uthibitisho kutoka upande mwingine. Gharama ya uthibitisho huo ilikuwa muda: kati ya vifo vya mwaka 2009 na kuchapishwa kwa matokeo ilipita miaka mitano. Katika kipindi hicho perege waliendelea kuuzwa na kusafirishwa duniani bila kipimo chochote cha kirusi hicho, kwa kuwa hakikuwa na jina.

Ekwado: ini lililotoa jina

Wakati utafiti wa Israeli ukiendelea, mashamba ya perege nchini Ekwado yalikumbwa na vifo vilivyoanza siku chache baada ya vifaranga kuhamishiwa mabwawani. Wachunguzi wa huko waliegemea patholojia, yaani uchunguzi wa tishu zilizokatwa vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini. Ferguson na wenzake waliripoti mwaka 2014 kwamba badiliko kuu lilikuwa katika ini, ambamo seli ziliungana na kuwa seli kubwa zenye viini vingi. Kwa kuwa kisababishi hakikuwa kimetengwa, ugonjwa ulipewa jina la badiliko hilo la ini.

Kwa hiyo mwaka 2014 fasihi ya kisayansi ilikuwa na majina mawili kutoka mabara mawili. Ripoti ya Israeli ilisisitiza ubongo, macho na figo, na ile ya Ekwado ilisisitiza ini. Msomaji wa wakati ule hakuwa na sababu ya wazi ya kudhani kwamba ripoti hizo zinazungumzia jambo moja. Utata huo haukutokana na uzembe wa upande wowote. Kila kundi liliripoti kwa uaminifu kile ambacho mbinu yake ilikuwa na uwezo wa kukiona.

Utata ulitatuliwa mwaka 2016, Bacharach na wenzake walipochapisha mfuatano kamili wa vinasaba vya kirusi. Vinasaba hivyo vilikuwa katika vipande 10. Kipande kikubwa kuliko vyote kilifanana kidogo na kinasaba cha kirusi cha mafua aina ya C, na vipande 9 vilivyosalia havikufanana na chochote kilichojulikana. Virusi kutoka Israeli na Ekwado vilikaribiana sana, na majina mawili yakawa ugonjwa mmoja. Baadaye kirusi hicho kilipewa familia yake chenyewe, Amnoonviridae.

Upekee huo wa vinasaba unaeleza kwa nini utambuzi haukuweza kuharakishwa. Kipimo cha PCR hutafuta mfuatano ambao mpimaji ameujua tangu awali, nacho hakina uwezo wa kumfichulia kimelea asichokijua kabisa. Hapakuwa na njia ya mkato kuelekea TiLV: ilibidi kwanza samaki wafe, seli zioteshwe na kirusi kitengwe, ndipo kipimo cha haraka kiundwe.

Kipimo kinaanza kusafiri

Baada ya mfuatano kupatikana, kipimo kilisafiri kwa kasi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuyafungua upya mafaili ya zamani. Nchini Misri, nchi inayoongoza Afrika kwa ufugaji wa perege, wafugaji walikuwa wakilalamikia vifo vya kiangazi. Fathi na wenzake (2017) waliripoti kwamba mwaka 2015 vifo hivyo viligusa asilimia 37 ya mashamba yaliyohojiwa, kwa wastani wa vifo wa asilimia 9.2. TiLV ilipatikana katika baadhi ya mashamba yenye vifo.

Neno baadhi ni muhimu hapa. Kiangazi huja na joto, oksijeni kidogo na bakteria wengi, na kila kimoja kinatosha kuua. Kupatikana kwa TiLV katika baadhi ya mashamba kulithibitisha kwamba kirusi kilikuwapo Misri na kwamba kilistahili kushukiwa, ila hakukuthibitisha kwamba vifo vyote vya kiangazi vilikuwa vyake. Mtafiti anayeandika kwamba TiLV iliua asilimia 9.2 ya perege wa Misri anaunganisha takwimu ya vifo vyote na jibu la kipimo kimoja, jambo ambalo ushahidi hauliruhusu.

Nchini Thailand, vifo vya mwezi wa kwanza baada ya vifaranga kupandikizwa vizimbani vilihusishwa na TiLV katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2017. Sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa tangu mwaka 2012 zilipopimwa upya, kirusi kilipatikana ndani yake. Sampuli hizo zilibadilisha tarehe ya historia: kumbe kirusi kilikuwapo miaka kadhaa kabla ya kutambuliwa, na katika miaka hiyo vifaranga viliuzwa nchi nyingi. Mwezi Mei 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitoa tahadhari maalumu kwa dunia nzima kuhusu kirusi hicho.

Thailand ilitoa pia onyo la aina nyingine. Senapin na wenzake (2018) walieleza visa vya perege wa kufugwa waliokuwa na TiLV bila dalili za ugonjwa. Tangu hapo ikawa wazi kwamba kipimo chanya kingeweza kumaanisha zaidi ya jambo moja, na onyo hilo ndilo linalohitajika kuyasoma matokeo ya Ziwa Victoria.

Ziwa Victoria: sababu isiyo na vifo

Sato si mwenyeji wa asili wa Ziwa Victoria, kwani aliingizwa humo kuanzia miaka ya 1950. Baadaye ufugaji wake katika vizimba na mabwawa ulienea pande zote za ziwa. Samaki anayehamishwa huhama na vimelea vyake, na kwa sababu hiyo kulipima ziwa hili baada ya tahadhari ya mwaka 2017 lilikuwa jambo la busara.

Kazi hiyo ilifanywa na Mugimba na wenzake, kundi lililojumuisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Walichunguza sato 191, wa kufugwa na wa porini, kutoka upande wa Uganda na wa Tanzania. Kutoka kwa samaki hao zilipatikana sampuli 442 za tishu, na kati yake 28 zilikuwa chanya kwa PCR. Hapakuwa na tofauti ya kitakwimu kati ya samaki wa kufugwa na wa porini.

Mgawanyo wa sampuli kwa viungo unastahili kusomwa polepole. Wengu ulitoa asilimia 10.99 ya sampuli chanya kati ya 191, figo ya mbele asilimia 7.69 kati ya 65, moyo asilimia 3.45 kati ya 29, na ini asilimia 0.71 kati ya 140. Ubongo haukutoa sampuli chanya hata moja kati ya 17. Kwa maneno mengine, viungo viwili vilivyoubeba ugonjwa katika ripoti za Ekwado na Israeli, yaani ini na ubongo, ndivyo vilivyokuwa karibu vitupu.

Mambo matatu yanahitaji kutenganishwa katika takwimu hizo. Kwanza, sampuli 28 si lazima ziwe samaki 28, kwa kuwa samaki mmoja aliweza kutoa zaidi ya kiungo kimoja. Kuandika 28 kwa 191 kana kwamba ndicho kiwango cha maambukizi ni kosa jepesi kutendeka. Pili, ubongo na ini havitoi ushahidi wenye uzito sawa. Tuchukulie kwamba ubongo mmoja katika kila 10 ulikuwa na kirusi. Uwezekano wa kupima bongo 17 bila kukipata hata mara moja ungekuwa takriban 1 kwa 6, nao si uwezekano mdogo. Kwa hiyo ukimya wa ubongo hauthibitishi mengi. Ini ni jambo tofauti, kwa sababu sampuli 140 ni nyingi mno kwa kiungo chenye maambukizi makali kutoa chanya moja tu. Tatu, watafiti wenyewe walisema kwamba matokeo yao yalitegemea vinasaba pekee, na kwamba kirusi kinapaswa kutengwa na uwezo wake wa kusababisha ugonjwa kuonyeshwa.

Hapa ndipo mfuatano wa ushahidi ulipogeuka. Bahari ya Galilaya ilikuwa na maiti zilizohitaji sababu. Ziwa Victoria lilipata sababu isiyo na maiti. Maelezo kadhaa yanawezekana: huenda maambukizi ni ya kudumu na yasiyo na dalili, huenda kirusi cha ziwani ni dhaifu kuliko cha kwingineko, na huenda ugonjwa unangoja mazingira yatakayouamsha. Kila elezo lina matokeo yake kisera, na PCR peke yake haiwezi kuchagua kati yao. Kwa lugha ya Rivers, kuwapo kwa kirusi kulionyeshwa. Uhusiano wake na ugonjwa haukuwa umeonyeshwa, wala usababishi.

Ziwa Volta: mfano wa kulinganisha

Inaweza kudaiwa kwamba masharti hayo ni magumu mno kwa mazingira ya Afrika, ambako maabara ni chache na vizimba viko mbali. Tukio la Ziwa Volta nchini Ghana linapunguza nguvu ya dai hilo. Mwishoni mwa mwaka 2018 vizimba vya huko vilipoteza zaidi ya nusu ya uzalishaji. Tahadhari ya TiLV ilikuwa bado mpya, na ingekuwa rahisi kukitupia lawama kirusi hicho.

Uchunguzi ulioelezwa na Ramírez-Paredes na wenzake (2021) ulikwenda hatua kwa hatua. Samaki walikuwa weusi, waliogelea ovyo na matumbo yao yalijaa maji. Tishu zilionyesha mabadiliko yanayoashiria kirusi, na hadubini ya elektroni ikaonyesha chembe zenye umbo la virusi vya jamii ya irido. PCR na usomaji wa vinasaba vikakitambua kuwa ISKNV. Vipimo vya TiLV vilikuwa hasi. Zaidi ya hayo, sampuli zilizochukuliwa mashambani kabla ya vifo zilikuwa hasi kwa ISKNV. Jibu hilo hasi la zamani lina thamani kubwa, kwa kuwa liliunganisha kufika kwa kirusi na kuanza kwa vifo. Bila sampuli za kabla, jibu chanya la baadaye lingeacha swali la iwapo kirusi kilikuwamo siku zote.

Volta inafundisha kwamba tahadhari ya kimataifa inaweza kumpotosha mchunguzi kwa kumpa jina kabla ya uchunguzi. Hatari hiyo ipo pia Ziwa Victoria. Mwaka 2022 wafugaji wa vizimba upande wa Kisumu walipoteza samaki wengi, na sababu iliyotajwa ilikuwa upungufu wa oksijeni. Katika ziwa ambalo sehemu ya samaki hubeba alama za TiLV bila kuugua, PCR ingeweza kutoa jibu chanya kwa samaki waliokufa kwa kukosa hewa. Jibu hilo lingekuwa la kweli kuhusu kirusi, huku likipotosha kuhusu kifo.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba kila mbinu iliingia na upofu wake. Jicho la mfugaji lilibagua aina za samaki bila kuona kirusi, na patholojia iliona ini bila kujua kisababishi. Uoteshaji wa seli ulithibitisha usababishi kwa gharama ya miaka. PCR ilileta kasi, ila ilitenganisha kirusi na ugonjwa. Hakuna mbinu iliyoifuta iliyotangulia, na utambuzi ulikamilika pale tu ziliposhuhudia pamoja.

Kuchanganya aina hizi za ushahidi kuna gharama kwa watu. Jibu chanya likitangazwa kuwa ugonjwa, mfugaji wa sato anaweza kupoteza soko la vifaranga kwa kirusi ambacho hakijamuulia samaki hata mmoja. Likipuuzwa kwa sababu hapana vifo, vifaranga wenye kirusi wanaweza kupelekwa katika maji ambayo hayajawahi kukipata, kama ilivyotokea duniani kabla ya mwaka 2014. Ulinzi dhidi ya makosa yote mawili ni kuandika kilichoonekana na kuishia hapo: vinasaba vya TiLV vimepatikana katika wengu, samaki hakuwa na dalili, kirusi hakijatengwa.

Kwa misingi hiyo, makala yanapendekeza mambo matatu kwa tafiti zitakazofuata. La kwanza ni kuhifadhi sampuli za samaki wazima kila msimu, kwa kuwa Thailand na Volta zimeonyesha kwamba sampuli ya kabla ndiyo inayotoa tarehe. La pili ni kuweka tishu za samaki anayekaribia kufa katika formalini papo hapo kizimbani, ili patholojia isipotee njiani. La tatu ni kulitambua daftari la mfugaji, lenye idadi ya vifo, tarehe, hali ya maji na asili ya vifaranga, kuwa chanzo cha kihistoria chenye hadhi sawa na jibu la maabara. Iwapo TiLV itaanza kuua katika Ziwa Victoria, daftari hilo litakuwa la kwanza kujua, na maabara itahitaji kulisoma kabla ya kutaja sababu.